Namna ya kuusoma mtaa wako kabla dalali hajakusomea

Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni Mikumi, Dar es Salaam. Mashine yangu iko barazani, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna choo, bafu na jiko la kila mtu. Pia ni mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa. Kwa kazi hizo mbili, watu huniletea maswali yale yale. Wenye nyumba wananiuliza, "Mama, mtaa umepanda, tuuze?" Wapangaji wananiuliza, "Mama, kodi imeongezwa, sasa tuhamie wapi?" Wengi wao wanakuwa wameshapewa jibu na dalali. Dalali si lazima awe mwongo, ila anausoma mtaa kwa upande ule unaomlipa. Hapa naeleza namna ya kuusoma mwenyewe, kwa daftari na kalamu tu, ili ukikaa na dalali, au na ndugu zako kwenye kikao cha mirathi, uwe na kitu cha kuweka mezani.

Jua kwanza unatafuta nini

Watu wakisema "mtaa umepanda" huwa wanachanganya mambo matatu. La kwanza, watu wale wale waliokuwepo sasa wanapata zaidi. La pili, waliokuwepo wameondoka na wamekuja wengine wenye kipato kikubwa kuwapita. La tatu, nyumba zenyewe zimeacha kulaza watu, zimekuwa maduka na stoo. Ukipita na bajaji yote matatu utayaona sawa: vigae vipya, mageti, magari yameegeshwa. Lakini kwa anayeishi pale ni mambo tofauti kabisa. La kwanza ni la kushukuru. La pili linamhusu mpangaji kuanzia leo na mwenye nyumba kuanzia kesho. La tatu linawahusu wote, maana hata shule na msikiti hupungukiwa na watu.

Mfano wa hilo la tatu hauko mbali, ni Kariakoo. Ilikuwa mitaa ya nyumba kama hii yetu. Kuanzia miaka ya 1990 zikaanza kuvunjwa moja moja, yakapanda maghorofa. Chini fremu za biashara, juu yake bidhaa. Mchana hupati pa kuweka mguu. Kipimo chake ni chepesi: pita saa nne usiku, hesabu madirisha yenye taa, na asubuhi angalia kamba za nguo. Fremu nyingi na kamba chache, basi watu wanakuja kufanya kazi na kuondoka. Kwetu Magomeni bado kamba zimejaa, isipokuwa zile nyumba za mbele zinazotazama Barabara ya Morogoro.

Chukua kipande kidogo

Usijaribu kusoma kata nzima. Chukua mtaa mmoja kutoka kona mpaka kona, pande zote mbili, kile kipande ambacho ukipita watu wanakusalimia. Nyumba zina vibao vya namba vilivyowekwa kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022. Tumia namba hizo, kila nyumba ipewe ukurasa wake. Rudia kila mwaka mwezi ule ule. Mimi nafanya mwezi wa nane. Epuka Ramadhani na epuka Desemba, kwa sababu nusu ya watu wako safarini, na wageni wamejaa kwenye nyumba ambazo si zao.

Kwenye kila ukurasa andika unachokiona bila kugonga mlango: baraza lipo, limejengewa geti, au limegeuzwa fremu, bati au paa jipya, na mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, ziko ngapi. Mita ni shahidi mzuri sana. Nyumba ya zamani ilikuwa na mita moja, wapangaji wanachangishana na kugombana kuhusu nani ana friji na nani anapiga pasi kila siku. Ukiona mita nne zimepangwa ukutani, jua vyumba vimegawanywa, kila kimoja na choo chake, na aina ya mpangaji imebadilika. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na ile kwa sheria ni kodi ya mwenye jengo. Sikiliza nani analalamika kukatwa. Akiwa mpangaji, kuna uwezekano mkubwa mwenye nyumba hakai hapo tena.

Angalia pia nyumba inavyobadilika. Mtu anayejijenga kwa jasho lake hubadilisha vipande vipande: mwaka huu vigae sebuleni, mwaka kesho dirisha la alumini, jiko la uani linasubiri mpaka mtoto amalize chuo. Nyumba iliyouzwa hubadilika kwa mkupuo. Wiki moja vitu vinatoka na kirikuu, wiki ya pili mabati ya uzio yamezunguka, wiki ya tatu ukuta uko chini. Haya mawili usiyaandike kwa neno moja "imekarabatiwa". Andika "vipande" au "mkupuo". Baada ya miaka mitatu maneno hayo mawili peke yake yatakuonyesha kama ni watu wanaopanda au ni watu wanaobadilishwa.

Ukitaka kuuliza, usiulize mshahara wala usiandike majina ya watu na vipato vyao. Mbali na adabu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa unafanya nini. Swali moja linatosha, nalo halimuudhi mtu: "Mmekaa hapa tangu lini?" Shikamoo kwanza, kisha hilo. Watu watakueleza na yale ambayo hukuuliza.

Dukani na gengeni

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mfuko wa mtu unaonekana kwenye kipimo anachonunua kuliko kwenye nguo aliyovaa. Nenda duka la Mangi wa mtaani kwako jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, nunua kitu chako, simama pembeni. Angalia kwanza mafuta ya kula. Yapo bado yale ya kupima, lile dumu lenye pampu au kikopo, watu wanakuja na chupa ndogo za maji? Sukari inauzwa robo na nusu kwenye vifuko vilivyofungwa tayari? Sabuni ya mche inakatwa vipande? Majani ya chai ya pakiti ndogo yananing'inia? Hapo kuna watu wanaolipwa kwa siku: mafundi ujenzi, bodaboda, mama lishe, wachuuzi. Anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku, na kwa hesabu ya mwezi anatoa pesa nyingi zaidi kuliko anayebeba dumu la lita tano. Hana namna, hiyo lita tano inataka pesa yote kwa pamoja.

Muulize muuza duka, bila haraka, ni kipi kimeacha kutoka. Hilo ndilo swali. Wa kwetu aliniambia vifuko vya robo sukari anafunga vichache kuliko zamani, lakini maziwa ya pakiti na maji makubwa ya dispensa hayakai dukani. Nilipolinganisha na kurasa zangu, nyumba zenye mita nyingi zote ziko upande ule wa duka lake. Muuza duka wa upande wa pili, hatua chache tu, bado anapima mafuta kama kawaida. Mtaa ni mmoja, mifuko ni miwili. Ndiyo maana nasema wastani wa mtaa haukusaidii. Ukijumlisha hawa na wale ukagawa, unapata mtu ambaye haishi mtaani kwetu.

Gengeni angalia mafungu. Fungu la nyanya likipungua ukubwa na bei ikabaki pale pale, wateja ni wale wale na maisha yamewabana. Nyanya zikianza kuuzwa kwa kilo, na hoho za rangi na brokoli vikatokea, mteja mpya amefika. Mkaa unauzwa kwa kopo au kwa gunia, nao uandike. Ila gesi isikudanganye. Mtungi mdogo wa kilo sita umeingia hata kwenye chumba cha mpangaji wa kawaida kwa sababu mkaa umepanda bei, si kwa sababu kipato kimeongezeka. Niliona mwanamke ana mtungi mkavu chini ya kitanda na jiko la mkaa uani. Mtungi aliupata, kujaza ndiyo kazi.

Kwa sisi mafundi kuna alama yetu. Zamani kila Januari nilikuwa nashona sare za shule ya msingi za mtaa mzima, mashati meupe na sketi za bluu, mpaka usiku wa manane. Siku hizi zinapungua, ingawa watoto hawajapungua barabarani asubuhi. Wanapanda mabasi ya njano ya shule za kulipia, na sare zao zinatoka shuleni. Kazi ninayopewa badala yake ni kupunguza suruali za ofisini na kubana magauni ya dukani. Kinyozi, fundi viatu, muuza chapati, kila mmoja ana alama yake ya namna hiyo. Waulize. Hakuna anayeujua mtaa kuliko mtu ambaye riziki yake inategemea kujua nani amehamia jana.

Kodi: isome inavyolipwa

Kila mtu anaangalia kiasi. Angalia na namna ya kulipa. Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi na mama mwenye nyumba alikuwa anapokea mwezi kwa mwezi. Akifariki, watoto wanamkabidhi dalali, naye anataka miezi sita mbele. Bei haijaongezwa hata senti, lakini mpangaji anatakiwa atoe 480,000 kwa siku moja, na mgeni anayeingia anaongeza mwezi mmoja wa dalali, jumla 560,000. Fundi ujenzi anayeingiza 20,000 leo na kesho hana, hawezi kuikusanya hiyo. Anaondoka. Anayeingia ni mwenye mshahara au mwenye mkopo wa kazini. Watu wamebadilika na kodi ni ile ile. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kila nyumba andika: mwezi kwa mwezi, mitatu, sita au mwaka. Mimi naiamini safu hiyo kuliko nyingine zote.

Barabara nayo ina mkono wake. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na tawi la Magomeni hadi Morocco kupitia Barabara ya Kawawa. Tangu hapo mtu wa ofisini Posta, katikati ya jiji, anahesabu dakika zake kutoka kituoni, si kilomita. Weka alama kwenye nyumba ambazo mtu anafika kituoni kwa miguu bila kutoka jasho. Kwetu mabadiliko ya mkupuo yalianzia hapo.

Waliohama wamekwenda wapi

Jambo hili huwezi kulisoma kwa kutazama nyumba, kwa kuwa waliohama hawapo. Lakini kila mtaa wa Kiswahili una kumbukumbu yao, na ni daftari la rambirambi. Kukiwa na msiba, turubai limefungwa, kuna mtu amekaa mezani anaandika majina, kiasi, na mara nyingi mahali mtu anapotoka. Kwa ruhusa ya wafiwa, na baada ya arobaini, si kabla, omba ulitazame. Usinakili majina wala michango, nakili mahali tu. Nilipotazama ya misiba ya karibu nasi nilikuta watu waliozaliwa mtaa huu wanatoka Chanika, Mbagala, Kivule, Goba, Bunju, Chamazi. Wamezikwa wazazi wao hapa, wamecheza rede hapa, lakini wanalala huko. Mtaa ambao wazikaji wake wanashuka kwenye daladala za mbali umeshabadilika, hata kama rangi za kuta ni zile zile.

Baada ya hapo ndipo ufungue takwimu za sensa. Nimeziweka nyuma makusudi, kwa sababu zinasema vizuri kwa mtu ambaye tayari ana swali. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Ongezeko ni asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati miaka kumi ya nyuma yake lilikuwa 5.6. Pwani, jirani zetu, walitoka 1,098,668 hadi 2,024,947 kwa miaka hiyo hiyo kumi. Si wote wametoka Dar, wengine wamezaliwa huko na wengine wametoka mikoani. Lakini mwenye ndugu Mkuranga, Kibaha au Mapinga anajua alikuwa anakaa wapi kabla.

Kuna mtego mmoja lazima nikuonyeshe. Ukichukua Kinondoni ya 2012 utakuta watu 1,775,049. Ya 2022 utakuta 982,328. Nimesikia mtu mzima akisema kikaoni kwamba karibu nusu ya Kinondoni imehama. Hapana. Katikati hapo Ubungo ilikatwa ikawa wilaya yake, nayo 2022 ilikuwa na 1,086,912. Jumlisha mbili upate 2,069,240, yaani watu wameongezeka kama asilimia 17. Temeke na Kigamboni ni hivyo hivyo. Ilala ndiyo ilibaki na mipaka yake, 1,220,611 hadi 1,649,912, asilimia 35, na ukitaka kujua walipokwenda panda jioni gari la Chanika, pembezoni mwa Ilala. Kata nazo hukatwa, kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba yoyote uliza mpaka ulikuwa wapi.

Ukishasoma, fanya nini

Kwa wenye nyumba, hasa za mirathi. Ukurasa wako ukionyesha mkupuo, kodi ya miezi sita na mita nyingi, usiharakishe kuuza kwa bei ya kwanza. Hakikisheni kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama ni nyumba ya ndoa, haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa. Dalali anapanga bei kwa mteja aliyenaye mkononi. Kisha kaeni mfanye hesabu pamoja na dada zenu, wasiitwe kusaini tu. Tuseme mmepewa 210,000,000 na mko saba: kila mmoja 30,000,000. Kwa fedha hizo utanunua wapi, utajenga nini, na nauli ya kurudi kazini ni kiasi gani kila siku? Upande wa pili, vyumba vinne vikipangishwa kwa 80,000 ni 3,840,000 kwa mwaka, na vyumba viwili mmebaki navyo, pamoja na mahali pa kufanyia msiba na harusi. Sisemi msiuze. Nasema hesabu hizo zote mbili ziandikwe kwenye karatasi moja kabla mtu hajashika kalamu. Akija mwekezaji wa ubia, yeye ajenge ninyi mpate sehemu, tangu 2008 iko sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Mkataba useme wazi sehemu zipi ni zenu, ghorofa ya ngapi, zitakabidhiwa lini, na mtaishi wapi wakati wa ujenzi kwa gharama ya nani. Wakili awe wenu, si wake.

Kwa wapangaji, omba mkataba wa maandishi sasa, mama mwenye nyumba angali hai na mnasikilizana. Andikeni humo malipo ni ya miezi mingapi na notisi ni ya muda gani. Nyumba ikibadilisha mikono, karatasi hiyo ndiyo utakayoanza nayo mazungumzo na mwenye nyumba mpya, hata kama ni ukurasa mmoja wenye sahihi mbili na muhuri wa mtaa. Na ukiona nyumba tatu jirani zimehama kutoka mwezi kwa mwezi kwenda miezi sita, anza kuweka akiba ya miezi sita hata kama kwako bado.

Kwa kamati za mitaa, tunzeni orodha. Hapa kwetu tuna ushahidi wa kazi ya orodha. Wakazi wa Magomeni Kota walibomolewa nyumba zao, wakatawanyika kwenye nyumba za kupanga miaka na miaka. Walikuwa kaya 644, zinajulikana. Maghorofa mapya yalipojengwa na Wakala wa Majengo na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022, nyumba ziliwekwa kwa ajili ya kaya hizo. Mimi naamini kama namba ile isingeshikiliwa kikao kwa kikao, nyumba zile zingepata watu wengine kwa urahisi kabisa. Mtaa wako unaweza usibomolewe na serikali, ukaondoka nyumba moja moja kwa mauzo ya halali, na hapo hakuna atakayeita kikao. Orodha ya nani alikuwa wapi itakuwa kwenye daftari lako.

Daftari lenyewe lifunikwe kwa nailoni, maana mvua za masika hazichagui. Mwezi wa nane ukiisha, nakili jumla tu kwenye karatasi moja: nyumba ngapi za mkupuo, ngapi za vipande, ngapi mwezi kwa mwezi, mita ngapi, fremu ngapi. Karatasi hiyo ipeleke kwenye mkutano wa mtaa, isomwe kwa sauti, kisha waulize wazee kama kuna nyumba uliyoiruka.